Nati Aliyokaza Koko

Siku chache baada ya mazishi ya mama yangu, mlango wa chumba chake ulijifunga wenyewe. Nilikuwa uani nachambua mchele wa wageni wa matanga, nikasikia paa! nikashtuka hadi ungo ukanitoka mikononi. Maisha yangu yote sikuwahi kusikia mlango ule ukijifunga. Siku zote ulizuiwa na kipande cha chuma cheusi, kizito, chenye umbo la mfupa wa paja la mbuzi, na pembeni yake nati kubwa iliyoganda kwa kutu. Mjukuu wangu, katika kufagia kwake kwa haraka, alikuwa amekiokota na kukitupa kwenye rundo la vyuma vikuukuu linalongoja wanunuzi.

Nilimfokea mpaka wageni wakageuka kuangalia.

"Koko, si ni chuma tu ile?" akasema, akiniita kama wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi.

Nilikwenda kukitoa kwenye rundo mwenyewe, magoti yakilia. Nilipokishika, harufu ya grisi ya zamani iliyochanganyika na kutu ikabaki viganjani. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Harufu ikikuingia puani ukiwa mzee, haikuulizi kama una nafasi ya kukumbuka. Niliketi chini palepale, nikamwachia mjukuu mchele.

Papa, baba yangu, alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja aliyenunua mawese pale mjini kwetu, Baraka. Kamioneti ya Mgiriki, gari dogo la mizigo, ililala kwetu, na kwa ajili hiyo watoto wa jirani walinipa heshima ambayo sikustahili. Lakini usukani wake ulikuwa umelegea. Papa akizungusha kushoto, gari lilifikiri kwanza, kisha likaamua. Chini, kwenye kila gurudumu la mbele, kuna kiungo kama cha bega la mtu, yaani kichwa cha mviringo cha chuma kinachocheza ndani ya kikombe chake. Papa alikiita rotile. Rotile zetu zilikuwa zimelika, hasa ya kushoto, na kwenye teremko la mto Mutambala gurudumu lilianza kutikisika kama mguu wa mwenye degedege, gari likaishia majanini, pua ikitazama maji. "Kichwa ikitoka mu kikombe," Papa alimweleza Mama, "gurudumu moja inaenda Lweba, ingine inaenda ku ziwa." Mgiriki alikataza gari lisiguse tena barabara mpaka rotile mpya zifike, akapanda meli kwenda Albertville. Zilifika baadaye, zimeviringishwa katika karatasi ya mafuta. Papa akaziweka juu ya kabati zingoje Jumamosi.

Mama hakungoja Jumamosi. Alishikwa na uchungu katikati ya juma, akakesha nao, na kulipokucha mtoto hakuwa amesogea.

Koko, mama mzazi wa Mama, ndiye aliyekuwa naye. Alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa wetu walitua kwanza mikononi mwake, na alipopita njiani akina mama walinyoosha watoto wao awaone, utadhani anakagua bidhaa zake. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya Papa. Nilikuwa sijawahi kuiona ikitetemeka.

Na kwetu, mwanamke akiwa katika uchungu, hakuna kitu nyumbani kinachobaki kimefungwa. Koko alianza na kichwa chake mwenyewe, akafungua kitambaa. Akafumua nywele zangu zilizosukwa. Vyungu vikafunuliwa, sanduku la nguo likaachwa wazi, kamba ya mbuzi ikafunguliwa, na mbuzi, asiye na huruma na mtu, akaenda moja kwa moja kwenye matembele ya Mama akayafyeka yote. Hakuna aliyemfukuza.

"Faida," Koko aliniita mlangoni. "Umwambie baba yako afungue gari yote. Milango, na ile kifuniko ya mbele."

Papa alikuwa hatua chache tu pale uani, na alisikia kila neno. Lakini mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Papa akimwona Koko anakuja njiani, aliingia vichakani mpaka apite. Mimi ndiye niliyekuwa njia yao. Nikaenda nikamwambia Papa, Papa akafungua, nikarudi nikamwambia Koko kwamba imefunguka, ingawa aliiona. Kamioneti ikasimama pale milango yote wazi, kama kuku anayekausha mabawa.

Jua lilipopanda, infirmie, yaani muuguzi wa dispansera, alikuja akamshika Mama tumbo, akatoka nje akinawa mikono bila kumtazama mtu. "Mutoto amekingama," akasema. "Hapa hatuna kisu. Mumupeleke ku misioni leo. Kesho mutapeleka maiti."

Hospitali ya misioni ilikuwa mbali, kwenye barabara ya ziwani inayopita Lweba. Ziwa lenyewe lilikuwa limechafuka, mawimbi yakipanda mpaka kwenye vichanja vya ndagala, dagaa wa ziwani, na hakuna mvuvi aliyekubali kutia mtumbwi majini. Kumbeba kwa machela kungekula mchana na usiku, na usiku Mama hakuwa nao. Ilibaki kamioneti, na kamioneti haikuwa na miguu.

Leo nayajua yote haya. Siku ile nilichoona ni kwamba Mama analia ndani, na Papa, badala ya kwenda kwake, anashusha kile kifurushi cha rotile juu ya kabati, anatwaa spana na jeki, anaingia chini ya gari la Mgiriki. Nilidhani amejificha. Nilidhani baba yangu anapenda gari kuliko mke wake, na kwamba miguu ile miwili iliyotokeza chini ya bampa ni miguu ya mwoga. Nilimchukia kwa moyo wangu wote mdogo, nikachuchumaa karibu na miguu hiyo ili nimchukie vizuri.

Nati za zamani zilikataa. Akamimina mawese ya moto, akangoja, akajaribu tena, spana ikateleza ikamchuna vidole. Nati zilipotoka, rotile yenyewe ikang'ang'ania tunduni. Papa Yosefu, jirani yetu, akaja na shoka lake. Akashikilia kisogo cha shoka upande mmoja wa chuma, Papa akapiga nyundo upande wa pili, ti, ti, ti, na kila pigo Mama alijibu ndani. Kisha kitu kikaanguka vumbini, puh. Na palepale Mama akanyamaza.

Nilishangilia! Niliruka nikakimbilia ndani. Kichwani mwangu jambo lilikuwa limekwisha: Papa amefungua chuma, Mama naye amefunguka. "Koko, imefunguka! Mutoto ametoka?"

Koko alikuwa akimpangusa Mama uso kwa kitambaa chenye maji. Macho ya Mama yalikuwa nusu wazi.

"Amechoka, mutoto wangu," Koko akasema. "Ni kuchoka tu. Rudi inje."

Huko nje Papa alikuwa akipima ule mtaimbo mrefu unaounganisha magurudumu mawili, ili aurudishe na urefu uleule, la sivyo magurudumu yangeangalia kila moja njia yake. Siku nyingine angepima kwa kamba na kufunga fundo. Siku hiyo alitwaa ukuti wa mchikichi na kutia alama kwa meno, fundo lisionekane mle uani. Aliiheshimu miiko ya Koko hadi pale alipoweza. Akasokota rotile mpya kwenye mtaimbo, akarudia kupima na ukuti wake, akaziingiza mahali pake, akatia nati kwa vidole. Nikaona spana inapanda kwenye nati.

"Faida!" Sauti ya Koko ilitoka dirishani. "Umwambie baba yako: kufungua, afungue mpaka injini. Kukaza, hapana! Mwanaume akikaza kitu bibi yake akiwa mu uchungu, anakaza tumbo."

Sikuhitaji kupeleka ujumbe huo. Spana ilisimama. Papa Yosefu alisimama wima, akalitia shoka lake kwapani.

"Ndugu yangu," akasema, "kufungua nilikusaidia. Kukaza, unisamehe. Bibi yangu naye iko na mimba."

Akaondoka, na simlaumu. Wanaume wengine waliokuwa wamesimama kwenye ua wakaanza kutazama mawingu. Mawingu kweli yalikuwepo, yakishuka kutoka milima ya Fizi, meusi. Kila mtu aliyejua barabara ile alijua mvua ikianza itafanya nini na daraja la magogo.

Nikainama chini ya gari. Uso wa Papa ulikuwa umejaa grisi na vumbi, na machozi yalikuwa yamechimba njia mbili mpaka masikioni, kwa kuwa alilala chali. Ndipo nilipojua hakuwa amejificha.

"Papa, si tuende bila kukaza?"

"Kwa vidole inashika mpaka ku shimo ya kwanza," akasema. "Halafu tunaingia mu maji, na mama yako ndani." Akafumba macho. "Nikikaza na akafa, batasema mi ndiye nilimuua. Nisipokaza, tunakufa bote. Nifanye nini, Faida?"

Aliniuliza mimi, mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Nilijibu kwa njia pekee niliyoijua, nikakimbia ndani na maneno hayo mdomoni, niyapeleke kwa Koko kama nilivyopeleka yote mengine. Nikayasema kwa sauti, na Mama akasikia.

Midomo yake ilikuwa imekauka. "Faida, umwambie baba yako akaze."

"Nyamaza, mwanangu," Koko akasema.

"Mama." Alisubiri uchungu mmoja upite, vidole vyake vikikwaruza mkeka. "Mi ndiye nimefungwa. Mi ndiye najua. Haiko gari inanifunga. Umuache akaze."

 Koko aliitazama mikono yake. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nikaona mikono ile mikubwa, iliyopokea watoto wa mtaa mzima, inatetemeka, na hofu ikanishika ambayo sijapata tena ya namna ile, hata katika vita tulivyokuja kuvikimbia baadaye. Kisha akasimama. Akakivuta kitenge chake, akakifunga kiunoni, fundo, mbele ya macho yetu, katika nyumba ambayo yeye mwenyewe alikuwa amekataza hata kusuka nywele.

Alitoka nje, akavuka ua, akapiga magoti kando ya gari, akalala chini, akajisukuma hadi alipolingana na Papa bega kwa bega. Mama mkwe na mkwe, wamelala pamoja mavumbini! Wanawake walifunika nyuso kwa vitenge. Mmoja akasema, "Yesu wangu." Papa aligeuza uso wake upande wa gurudumu.

"Mama, hapana," alisema kwa gurudumu.

"Mukwe wangu, unipe hiyo kle."

"Mama, tafazali."

"Kama iko mwiko, unipate mi. Mi nimemaliza kuzaa, hauna kitu ya kufunga kwangu. Unionyeshe tu."

Hivyo ndivyo walivyozungumza kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Papa akaweka mikono ya Koko kwenye spana, akaielekeza bila kuutazama uso wake. Koko akavuta. Nilikuwa nimelala kifudifudi nawaona. Misuli ya mkono wake ilisimama kama ya mtu anayevuta wavu.

"Tena?"

"Tena, mama."

"Tena?"

"Kidogo tena, mpaka tundu ionekane."

Kila ilipozunguka nilisikia nati ikilia, na mimi nikashika tumbo langu kwa mikono miwili, kwa sababu niliamini kabisa kwamba ni mlango wa Mama unaofungwa. Tundu likaonekana, Papa akapitisha pini na kuikunja ncha. Wakaenda upande wa pili, wakafanya vilevile. Koko alipotoka chini ya gari mgongo wake ulikuwa umejaa grisi, nywele zake nyeupe zimejaa majani. Hakumtazama mtu. Akaenda kumbeba mwanawe.

Walimlaza Mama nyuma juu ya magunia ya pamba. Mlango wa nyuma hawakuufunga. "Tumefunga kimoja, hatufungi kingine," Koko alisema, akaketi akiuzuia kwa miguu yake. Mimi nilikuwa nimepanda mbele, na hakuna aliyekumbuka kunishusha.

Mvua ilitukuta njiani. Barabara ikawa uji. Upande wa kuume ziwa lilikuwa likirusha povu, upande wa kushoto mlima, na kati yake kamioneti, ambayo siku zilizopita ilikuwa haielewi kulia wala kushoto, ikatii. Papa akizungusha kidogo, inageuka kidogo. Nilitazama mikono yake tu, sikuthubutu kutazama maji. Kwenye daraja la magogo alisimamisha, akashuka kwenye mvua, akapapasa nati kwa vidole vyake vilivyochunika.

"Mukwe!" Koko akapiga kelele kutoka nyuma. "Inashika?"

"Inashika, mama!"

"Basi twende, bibi yako iko inapoteza damu!"

Njia nzima waliitana hivyo, yule wa nyuma na yule wa mbele. Mimi sikuwa na kazi tena. Tulipopita Lweba sauti ya Mama haikusikika kabisa, na Papa akaanza kuimba wimbo wa kanisani bila maneno, mmm, mmm, meno yameumana.

Huko misioni walimchukua Mama wakatufungia mlango. Koko alikaa sakafuni akiutazama mlango ule uliofungwa, nadhani akitamani kuuvunja. Kabla giza halijaingia, mama mmoja muuguzi akatoka. Alisema mtoto alikuwa mvulana, na kwamba alikuwa ameshakufa tumboni tangu alfajiri. Alisema Mama yu hai, lakini kizazi kimebidi kitolewe, hatazaa tena. Koko akauliza jambo moja tu.

"Tangu alfajiri?"

"Tangu alfajiri, mama."

Muuguzi alisema hayo kwa Koko, na mimi nikasikia. Baraka haikuyasikia. Baraka ilisikia kwamba mkunga mwenyewe alikaza nati mke akiwa katika uchungu, kwamba mtoto akafa, na kwamba tumbo likafungwa moja kwa moja. Papa alieleza mara nyingi habari ya alfajiri, watu wakaitikia kwa adabu, ndiyo, ndiyo, na kwenda zao. Mke wa Papa Yosefu alipofikwa na siku za kujifungua, walimwita mkunga wa mtaa mwingine. Tulikuwa tumeketi uani tunakula, tukasikia mtoto analia nyumba ya pili. Koko akaacha kutafuna, akasikiliza hadi kilio kilipotulia, kisha akaendelea na ugali wake. Hakuitwa tena na mtu, hata mara moja, mpaka akafa. Wanawake waliacha kunyoosha watoto wao anapopita.

Na mimi niliamini kama wao. Mtoto huamini kilichosemwa na wengi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikienda peke yangu kuinama chini ya kamioneti, nikiitazama ile nati ya kushoto na pini yake iliyokunjwa, nikijua ndugu zangu wote wako nyuma yake wanangoja. Siku moja nikamwomba Papa. "Papa, ufungue ile nati, batoto batoke." Alikuwa akinywa chai. Aliweka kikombe chini, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko. Aliporudi akasema, "Ile haitafunguliwa na muntu." Na hakuifungua kweli. Mgiriki alipoondoka akamwachia gari, na gari lilipokufa, Papa aliutoa mkono mzima wa chuma, na rotile yake, na nati juu yake, badala ya kuigusa. Mama ndiye aliyekiomba kipande hicho. Akakiweka mlangoni mwake.

Nilikuwa mtoto wake wa pekee, na ninyi wa kwetu mnajua watu hawamwachi mama wa mtoto mmoja apumzike. Niliwahi kuwa naye sokoni, mimi tayari msichana mkubwa, mwanamke mmoja akamhurumia kwa sauti ya kuumiza: pole, mama yako mwenyewe alikufunga. Nilitaka kumrukia. Mama alikuwa akipima ndagala, hakuacha kupima.

"Ni kweli," akasema. "Alinifunga. Alinifunga hapa ku dunia, nisiende."

Akaishi mpaka akaona wajukuu wa binti yake.

Kijana anayenunua vyuma vikuukuu alikuja jioni ya siku ileile mlango ulipojifunga. Nilimzuia asiondoke. Kwa kuwa Mama sasa ameshakwenda, nilifikiri hakuna ubaya tena nati ile ikifunguliwa. Labda hata ilikuwa haki. Nikampa kile chuma, nikamwambia ajaribu. Akatia mafuta, akaweka spana, akaongeza bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu, akasimama juu yake na uzito wake wote. Uso ulimvimba. Nati haikusogea hata unywele.

"Koko," akasema akihema, "hii nani aliikaza?"

"Mukunga."

Akacheka, akidhani msiba umenivuruga akili. Nikamwambia anirudishie kile chuma. Nilikibeba mwenyewe mpaka chumbani, nikausukuma mlango wa Mama ukafunguka wote, nikakiweka mahali pake.